Doti ya Mama na Vitabu vya Mjane

Vijana wangu, kabla hamjanong'onezana huko nyuma: naam, Bwana Doti ni mimi. Jina nililopewa na wazazi ni Hamisi, lakini kuanzia Mingoyo mpaka hapa Mitwero ukimuulizia Hamisi utaonyeshwa Hamisi chungu nzima, ukimuulizia Bwana Doti utaletwa moja kwa moja kwenye kibaraza hiki. Mjukuu wangu alilisikia shuleni akaja kuniuliza maana yake. Nilimfukuza. Leo nawaeleza kwa sababu ninyi ndio mnaofanya kazi niliyoifanya mimi, ya kuwatafutia akina mama vitabu na nafasi za masomo, na waliokuwemo katika kisa hiki wengi wametangulia mbele ya haki. Mkicheka mtacheka, lakini mcheke mkisikiliza.

Ninyi mnatafuta kwa kidole. Mnagusa simu, kitabu kinakuja, mnagusa tena, kinakuja kingine. Zama zetu, uhuru ungali mbichi na vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinakusanya watu, kitabu ulikifuata kwa miguu na ulikiomba kama mtu anayeomba moto kwa jirani. Nilizijua nyumba zote za Lindi zenye kabati. Mwalimu akipata uhamisho, mimi nilikuwa pale siku anafunga mizigo, maana mtu anayehama huchoka na uzito, akikuona umesimama na baiskeli atakwambia chukua hivi na hivi, niondolee. Muuguzi akihamishwa, vivyo hivyo. Shikeni hilo: nendeni kwa mtu siku anahama.

Na shikeni na hili la pili, ambalo nililishika kwa aibu. Siku moja ofisi yetu ililetewa sanduku la msaada kutoka ng'ambo, limeandikwa ni vitabu kwa ajili ya wanawake. Mkuu wetu alifurahi, mimi nikafurahi zaidi, nikalifunga kwenye baiskeli hata bila kulifungua nikapanda nalo mpaka kijiji kimoja juu ya Mingoyo, ambako nilikuwa na darasa la kisomo la akina mama. Nikawahutubia kwanza. Nikawaambia taifa linawathamini. Kisha nikalifungua, na ndani yake, jamani, vitabu vyote vilikuwa vya kufuma masweta ya sufu. Ndani mlikuwa na picha za watoto wamevaa kofia zilizofunika masikio, wamesimama kwenye theluji.

Mama mmoja akageuza kurasa taratibu, akaniuliza, "Mwalimu, mtoto nikimvika hii hapa kwetu, si nitakuwa nimemchemsha?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, na darasa lilipokwisha akanifuata na kuniambia kwa adabu, "Mwalimu, sisi hukutuuliza tunataka nini."

Huyo ndiye Mwanahawa. Alikuwa mke wa mkulima wa mikorosho, ana mtoto mmoja wa kike. Nikamwuliza, haya, wewe unataka nini? Akasema anataka vitabu vya kumwezesha kufanya mtihani wa chuo cha wakunga. Hakusema kwa majivuno, alisema kama mtu anayetaja kitu anachokwenda kununua dukani. Kule kijijini mwanamke akishikwa na uchungu wakati mto umejaa, ndiyo basi tena, hapelekwi popote. Yeye alikuwa amemzika dada yake kwa sababu hiyo.

Basi nikaanza kutafuta. Nilipata kitabu cha hesabu kwa mwalimu aliyekuwa anahamia Newala. Kitabu cha afya kilinisumbua, maana nakala zilikuwa chache na waliokuwa nazo walizishikilia. Huku natafuta, huku yeye anakuja darasani na maswali yanayonitoa jasho. Alikuwa akiuliza kitu, ukimjibu ovyo anakutazama tu, hasemi, na wewe mwenyewe unarudi kwenye jibu lako unalirekebisha.

Nikiwa bado natafuta, mumewe akashikwa na homa, akafariki. Mwanahawa akaingia eda.

Ninyi wa siku hizi labda mnahitaji kukumbushwa. Mjane akiwa katika eda hatoki nyumbani ovyo, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Na hakuna ruhusa kabisa mtu kumposa. Hata anayemtaka kwa nia njema hungoja amalize. Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje, nimelelewa na mama mcha Mungu, mambo hayo nayajua tangu sijaota jino. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Lililomkabili Mwanahawa lilikuwa hivi. Mtihani ulikuwa unafanyika Lindi, na siku yake ilikuwa inaangukia ndani ya eda. Akiukosa, nafasi nyingine hakuna anayejua itakuja lini. Na shemeji yake Selemani, mdogo wa marehemu, alikwisha kusema hadharani kwamba eda ikiisha yeye ndiye atakayemrithi, mwanamke na mikorosho pamoja. Kwa hiyo haikuwa habari ya kupenda kusoma tu. Ama atoke pale akiwa na nafasi ya chuo mkononi, ama awe mke wa Selemani.

Wiki hiyo hiyo kitabu cha afya kikapatikana. Muuguzi mmoja alikuwa anahama, nikawahi. Nikavifunga vitabu viwili kwenye baiskeli, nikashika njia. Nilikuwa na wazo: nimwulize kama yuko tayari kufanyia mtihani wake humo humo nyumbani, akikubali nikamwombee ruhusa kwa mkuu wetu. Nilipofika Mingoyo nikapita dukani kumnunulia mama doti ya kanga, nyekundu, maana Idi ilikuwa inakaribia. Nikatoka dukani moyo mweupe. Hatua chache tu, mvua ikashuka. Mvua ile ya masika, haiulizi. Turubai langu nilikuwa nimelisahau ofisini. Nikatazama vitabu, nikatazama kanga. Nikavizungushia kanga zile mpya, nikafunga fundo zuri juu, nikakanyaga pedali.

Mnaanza kuona? Mimi sikuona. Kichwani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu, kitabu kisilowe.

Nilifika nimelowa mpaka kwenye mifupa. Lori la mwisho la kurudi Lindi lilikuwa linapiga honi, dereva anaogopa mto. Selemani amekaa kibarazani na wazee wawili. Nikamsalimia haraka, nikamkabidhi furushi, nikasema kwa sauti, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga makuti, "Mpe Bi Mwanahawa, mwambie ni vyake. Nitakuja Ijumaa kuchukua jibu lake."

Nikapakia baiskeli kwenye lori, nikaondoka, swali lenyewe hata sijalitaja, naona nimefanya kazi ya maana.

Loh! Fikirini wenyewe. Kijana ambaye hajaoa anakuja mbio kwenye nyumba ya eda, anatoa doti mpya iliyofungwa fundo, anasema nitafuata jibu Ijumaa, anatokomea. Mbele ya mashahidi! Hata leo nikikumbuka nikiwa peke yangu chumbani huwa nasema "aa" kwa sauti, mke wangu wakati wa uhai wake alikuwa akiuliza, "Una nini?" nami nikamjibu, "Mgongo."

Ijumaa nilikwenda. Nilipita kwanza darasani, nikakuta mama mmoja tu, mzee asiye na mume. Nikamwuliza wenzio wako wapi. Akanitazama kwa huruma. "Wamefungiwa ndani, mwalimu. Waume zao wanasema kumbe kisomo chenyewe ndicho hiki."

"Kipi?"

"Weee mtoto wewe! Nenda, unangojwa."

Nilingojwa kweli. Baada ya sala wazee walikuwa wamekaa uwanjani kwa marehemu, shehe katikati, Selemani pembeni amefura. Na kwenye kamba ya kuanikia, mbele ya macho ya kijiji kizima, doti ya mama yangu ilikuwa inapepea. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Bwana Hamisi," shehe akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitesa, "hatukukuita kwa shari. Tunataka kujua jambo moja. Una nia, au huna nia?"

Nikisema ninayo, nimeposa ndani ya eda, nimevunja heshima ya dini na ya marehemu ambaye kaburi lake halijakauka. Nikisema sina, basi nimemfanyia mzaha mjane wa watu, nimempelekea doti halafu namkana hadharani, na mwanamke aliyekanwa hivyo husemwa maisha yake yote. Jasho lilinitoka kama bado nanyeshewa. Nilikuwa mtu wa kusema, mimi! Nilikuwa nahutubia! Siku ile sikupata hata neno la kuombea maji.

"Hasemi," Selemani akasema. "Mnamwona? Hasemi. Vitabu virudishwe, na darasa lifungwe."

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya pazia la mlango. "Shehe, naomba idhini niseme."

"Sema, binti yangu."

"Shemeji Selemani, juzi ulituletea unga. Ulikuja umetiwa kwenye nini?"

Selemani akasita. "Kwenye gunia."

"Na gunia ukaliacha?"

"Nililiacha, kwani lina nini?"

"Basi na wewe ulikuwa umeniposa?"

Mzee mmoja akaanza kukohoa, kumbe anacheka, na uwanja mzima ukamfuata. Hata shehe aliinamisha kichwa akashika ndevu. Mwanahawa akangoja watulie. "Mimi nimeletewa vitabu, na mvua ilikuwa inanyesha. Kilichovifunga sikukivaa wala sikujifunika. Kiko pale kwenye kamba, mwenyewe akichukue. Vitabu sivitoi."

Vitabu sivitoi. Mimi mwenye kazi nilikuwa nimeduwaa, na yeye, mjane, nyuma ya pazia, amelinda heshima yake na yangu na vitabu pia. Niliona aibu, wanangu. Si ile ya kuchekwa. Ya kuchekwa huisha.

Nikaeleza lile wazo langu la mtihani, na shehe akaamua: vitabu vibaki, na mtihani anaweza kuufanyia nyumbani, dini haimzuii. Lakini mimi nisikanyage tena nyumba ile wala darasa lile. Msimamizi wa mtihani awe mwanamke, na mwalimu wa darasa awe mwanamke, ndipo waume watawafungulia wake zao. Nilichukua kanga zangu kwenye kamba huku watoto wakiimba "Bwana Doti, Bwana Doti." Wekundu wake ulikuwa umechujia kwenye vitabu, kurasa za pembeni zote zikawa kama zimelambwa na mla tambuu. Kwa hiyo msifunge kitabu kwa kanga mpya, hata pasipo na mjane.

Nikarudi Lindi. Mkuu wetu alinisikiliza, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akasema mtihani nyumbani ataruhusu, tafuta mwanamke aliyesomea ualimu. Nikaona hilo jepesi. Nikazunguka. Mwalimu wa kwanza ana mtoto mchanga. Wa pili mumewe hakubali alale safarini. Wa tatu alikuwa ameacha kazi zamani. Nikapanda mpaka Kilwa Kivinje nikidhani nyumbani sitakosa mtu, nikaambulia kugombezwa na mama kuhusu kanga zilizopauka. "Umempelekea nani kwanza?" alikuwa akiniuliza. "Mwanangu, mimi nimekuwa wa pili kwa nani?" Siku ya mtihani inakaribia, na mimi mikono mitupu. Miaka yote ile tulikuwa tunawaambia wanawake wasome, wasome, na tulipomhitaji mmoja aliyesoma tulikuwa tunahangaika kama tunatafuta sindano kwenye mchanga.

Nikarudi ofisini nikajitupa kitini. Bi Sharifa, mpiga taipu wetu, alikuwa anapiga barua kama kawaida. Bila kuinua macho akaniuliza, "Umekosa?"

"Nimekosa, dada. Hakuna mwanamke."

Akaacha kupiga. "Hamisi, mimi nimesomea ualimu. Nilimaliza chuo kabla yako. Nilipoletwa hapa mlichoniuliza ni kama najua kupiga taipu, nikasema najua. Hamkuuliza kingine."

Nilikuwa nakaa mkabala naye. Nilikuwa nakula naye mihogo saa nne. Nikasema, "Samahani, dada," akajibu, "Samahani ya nini, lori linaondoka saa ngapi?"

Mkuu wetu akatoka ndani akalalamika, sasa barua atapiga nani? Nikajikuta nimesema, "Nitapiga mimi." Nilizipiga kwa vidole viwili, na watu walikuwa wakija dirishani kumwona mwanamume anayepiga taipu. Acheni wacheke, nilijiambia, wewe si ulimpelekea mjane doti?

Sharifa alikwenda, akaketi na Mwanahawa ndani, mtihani ukafanyika pazia limeshushwa. Akarudi akiwa na maneno machache: "Yule atapita." Akapita. Darasa likafunguliwa, Sharifa akawa mwalimu wake, na baada ya muda akawa mkuu wa masomo yote ya akina mama kwetu. Mimi nikawa chini yake mpaka nastaafu, na sijapata kuwa na mkuu mwema kuliko yeye.

Sasa mnaniuliza lile mnaloniuliza kila siku mkidhani sisikii. Nilikuwa na nia? Siku ile ya mvua, wallahi, sikuwa nayo. Iliniingia pale uwanjani, baada ya lile gunia. Nilirudi nayo Lindi, nikazunguka nayo kutafuta mwalimu, nikapiga nayo taipu. Sikumwambia mtu. Niliheshimu eda yake mpaka ikaisha, na ilipoisha, naye akiwa anajitayarisha kwenda chuoni, nikamwendea mama, nikapiga magoti nikamwambia yote. "Kumbe kanga zangu zilijua kabla yako," mama akasema. Akajitanda, akachukua shangazi yangu, wakaenda kwa njia ya heshima, kama inavyotakiwa.

Walirudi mapema. Mama alikaa, akaomba maji, akanywa. Mimi nimesimama.

"Amenipokea vizuri," akaanza. "Ameniamkia shikamoo mpaka nikaona haya. Ni mtoto wa watu, yule."

"Amesemaje, mama?"

"Amesema hana ubaya na wewe. Amesema angekuwa anautazama moyo wake tu, angekwambia umngoje amalize chuo. Lakini akikukubali, iwe leo au baadaye, Selemani atasimama sokoni aseme, si niliwaambia? Na wale wenzake watafungiwa ndani siku hiyo hiyo. Kila mume atasema vitabu vile ni njia ya kuposea." Mama akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Amesema umsamehe. Mimi nimemwambia hana kosa."

Sikulia mbele ya mama. Nilitoka nje. Ningekuwa nimesimama kidogo tu Mingoyo kwenye ule upenu wa duka nikangoja mvua ipite! Wengine hudhani makosa ya kazini hubaki kazini. Aa, wapi.

Siku alipopanda lori kwenda chuoni na mtoto wake sikwenda kumuaga, asije mtu akaona uso wangu akasema neno. Wiki iliyofuata nilipeleka sanduku la vitabu. Nilikuwa naruhusiwa kufika mwisho wa uwanja tu, naliweka chini, Sharifa anakuja kulichukua. Nikawahesabu akina mama kwa mbali wakiingia. Walikuja wote, hata wale waliofungiwa. Mmoja aliletwa na mumewe mwenyewe kwa baiskeli, na mume yule akabaki, akanisogelea, akanipa mkono.

"Bwana Hamisi," akasema, "tumemwona mjane kaenda zake masomoni na wewe uko hapa na sanduku lako. Kumbe kweli hukuwa na nia. Tulikuonea bure, bwana."

Ndani Sharifa alikuwa ameanza, na sauti za akina mama zinasoma pamoja.

"Sikuwa nayo," nikamjibu, nikainama kufungua sanduku.